Sauti ya Dani na Tokeni Zisizowasha Taa

Ukimwambia mtu wa Nyalenda umenunua tokeni, atakuuliza umepata yuniti ngapi. Hapa Kisumu hilo neno lina maana moja tu: tarakimu ishirini kwenye SMS, unazibonyeza kwa mita, taa inawaka, maisha yanaendelea. Novemba 2021 mimi nilinunua tokeni za aina nyingine. Niliambiwa ni za kuhifadhi data ya dunia nzima, bila bosi, bila seva moja ambayo mtu anaweza kuizima, milele na milele. Nilizinunua na karo ya semesta. Hazikuwasha hata balbu. Jina lake naliacha, kwa sababu hakuna aliyenishika mkono. Niliingia mwenyewe na viatu vyangu.

Watu huniuliza kwa nini niliacha chuo na mimi huwa nachenga. Leo sichengi. Lakini siwezi kusimulia hiyo stori bila dani yangu, na siwezi kumsimulia dani bila kurudi 1969, kwa hivyo shika chai.

Desemba 2019 nilikuwa nimemaliza fomu tatu, niko kwa dani Rabuor, na nina simu ya kwanza ya maana maishani mwangu. Jioni moja stima ikapotea, kama kawaida, tukakaa nje. Nikamuuliza tu hivi hivi, dani, siku ya Russia ulikuwa wapi? Alinyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza, "Nyakwara, hiyo kitu yako inashika sauti?" Nikabonyeza. Akaongea dakika arobaini na saba.

Kama umetoka Kisumu unajua siku ya Russia ni gani. Kama hukutoka huku, ni hivi. Tarehe 25 Oktoba 1969, Jumamosi, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya ya Nyanza, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti. Ndiyo maana hadi leo wazee wanaiita Russia, ingawa kwa karatasi inaitwa Jaramogi Oginga Odinga. Hali ilikuwa moto tayari. Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huo huo. Jaramogi alikuwa ametoka serikalini 1966 na kuongoza chama cha upinzani, KPU. Pale hospitalini umati ukapiga kelele za chama, rais akawajibu kwa maneno makali mbele ya kila mtu, mambo yakachacha, na walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilisema waliokufa ni 11. Kisumu haijawahi kuikubali hiyo namba. Siku tano baadaye KPU ikapigwa marufuku, na Jaramogi akakaa kizuizini hadi 1971.

Dani alikuwa pale. Miaka ishirini na kitu, na mtoto mgongoni, na huyo mtoto ndiye anti yangu mkubwa. Ningependa kukwambia yote aliyosema lakini siyakumbuki, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Nakumbuka kiatu kimoja kilichobaki kwenye uzio. Nakumbuka alisema kuna wanaume waliorudi nyumbani wakavua mashati na kuyachoma. Nakumbuka alicheka mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuchekesha. Mengine niliyaacha yapite, kwa sababu nilidhani sina haja ya kukumbuka. Simu ilikuwa inakumbuka kwa niaba yangu.

Alifariki Februari 2021. Juni, simu ikaibiwa Kondele mchana kweupe, nikipanda matatu. Sikulia. Nilijua faili iko kwa klaudi, salama. Nikaenda saiba, nikaandika nywila, mtandao ukaniambia utanitumia kodi ya tarakimu sita kuthibitisha kwamba mimi ni mimi. Kodi ikatumwa kwa laini yangu ya zamani, ile niliyoitupa 2020 nilipohamia nyingine yenye bando za bei poa. Sasa, laini ikilala muda mrefu huwa inachukuliwa na kuuzwa upya. Nikapiga ile namba. Akashika mama mmoja, mpole kabisa. Nikamwomba anisomee namba sita zilizoingia kwa simu yake. Hebu jiweke mahali pake. Akaniambia, "Kijana, Mungu anakuona," akakata, akanifungia. Na alifanya vizuri. Hivyo ndivyo sisi sote tumefunzwa.

Basi sauti ya dani ipo. Iko ndani ya jumba fulani lenye baridi nzuri na jenereta za akiba, mzima, haijapoteza hata sekunde moja. Ila siwezi kuifungua.

Na hili jambo la kumbukumbu kuwa hai mahali usipoweza kufika, Kenya tumelizoea kuliko tunavyodhani.

Kabla ya uhuru, maofisa wa kikoloni walikaa chini kupanga mafaili. Kuna yaliyoachiwa serikali mpya, kuna yaliyochomwa, na kuna yaliyopakiwa yakaenda Uingereza. Agizo la 1961 kutoka kwa waziri wa makoloni, Iain Macleod, lilikuwa wazi: chochote kinachoweza kuiaibisha serikali ya Malkia kisikabidhiwe. Kulikuwa na karatasi ambazo hata karani Mwafrika hakuruhusiwa kuzigusa. Mafaili ya Kenya, karibu 1,500, yaliishia Hanslope Park, nyuma ya ua wa ulinzi huko Buckinghamshire. Kenya iliulizia, haikupata. Yalitokea hadharani 2011, na si kwa hisani. Wazee wa Mau Mau walikuwa wameishtaki serikali ya Uingereza mahakamani London, wanahistoria waliokuwa upande wao wakashikilia kwamba kuna makaratasi yanayokosekana, na ghafla yakapatikana. Juni 2013 Uingereza ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228.

Fikiria hiyo kidogo. Karibu miaka hamsini, ushahidi wa mwili wa mzee wa Nyeri au wa Embu umekaa kwa rafu ya mtu aliyemtesa. Nakala moja, mahali pamoja, ufunguo kwa mtu mmoja. Ukiuliza, anakwambia hana. Utafanya nini?

Mfano wa pili uko karibu zaidi. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, ile TJRC iliyoundwa baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, ilizunguka nchi na kukusanya taarifa zaidi ya 40,000 za watu wa kawaida. Siku ya Russia imo ndani ya ripoti yake. Ripoti ilikabidhiwa Rais Uhuru Kenyatta tarehe 21 Mei 2013. Lakini makamishna watatu wa kigeni, Jaji Gertrude Chawatama wa Zambia, Berhanu Dinka wa Ethiopia na Ronald Slye wa Marekani, waliandika kupinga. Walisema aya kadhaa za sura ya ardhi, zilizohusu ardhi ya Pwani, zilibadilishwa dakika za mwisho baada ya shinikizo kutoka juu. Slye ni mwalimu wa sheria Chuo Kikuu cha Seattle. Leo mimi nikitaka kusoma ripoti ya ukweli ya nchi yangu, pamoja na ile sura ya ardhi kabla ya kuguswa, njia rahisi niliyoipata ni maktaba ya kidijitali ya chuo hicho. Mtoto wa Kisumu anauliza Seattle kilichotokea kilomita mbili kutoka kwao.

Kwa hivyo kuna maswali mawili tofauti, na ni vizuri usiyachanganye. La kwanza: nakala iko wapi, na nani ana ufunguo? La pili: hata nikiipata, nitajuaje ni ile ile na hakuna aya iliyonyofolewa usiku?

Mimi niliyakuta majibu ya maswali hayo kwa njia ya kishenzi, yaani kwa video za vijana wenye miwani ya jua wakipiga kelele kuhusu bei. Lakini ukiwazima hao, teknolojia yenyewe ni nzuri, na tuanze na swali la pili kwa sababu lina jibu safi.

Linaitwa hashi. Unachukua faili yoyote, sauti, picha, ripoti ya kurasa elfu mbili, unaipitisha kwa hesabu fulani, na inatoka alama ya herufi na tarakimu 64. Faili ile ile itatoa alama ile ile leo, kesho, Kisumu au Seattle. Badilisha koma moja tu, alama yote inageuka haitambuliki. Na kutoka kwa alama huwezi kurudi nyuma ukapata faili. Kama siku ya mwisho ya kazi TJRC wangekokotoa hashi ya kila sura na kuichapisha gazetini, mabishano ya kama sura fulani iliguswa baadaye au la yangeisha kwa dakika moja. Ni kama alama ya kidole, ila ya maandishi. Haihitaji sarafu yoyote, haihitaji blokcheni, na simu yako ya elfu kumi inaweza kuikokotoa. Hii ndiyo sehemu ambayo hakuna aliyenitangazia, pengine kwa sababu haina kitu cha kuuza.

Mwaka 2014 jamaa anaitwa Juan Benet alianzisha kampuni ya Protocol Labs, na mwaka uliofuata wakatoa mfumo unaoitwa IPFS. Wazo lake ni kutumia hiyo alama kama anwani. Intaneti ya kawaida hukwambia kitu kiko wapi: nenda seva fulani, folda fulani. Ni kama kumwelekeza mtu soko la Kibuye, "kibanda cha tatu mkono wa kushoto." Mwenye kibanda akihama au akifukuzwa, umepotea. IPFS inauliza kitu chenyewe: nani ana faili yenye alama hii? Yeyote aliyenayo akupe, na ukiipokea unaipima mwenyewe kuhakikisha ni yenyewe. Aprili 2017 serikali ya Uturuki ilipofunga Wikipedia, watu waliichukua Wikipedia ya Kituruki yote wakaiweka humo. Hakuna mlango mmoja wa kufunga.

Tatizo ni hili, na nilichelewa sana kulielewa. IPFS ni njia ya kutafuta, si ahadi ya kutunza. Faili inaishi alimradi kuna kompyuta mahali inayoishikilia. Siku ya mwisho aliyekuwa nayo akichomoa waya, anwani inabaki, kitu hakipo. Kila mtu anadhani mwingine anayo. Si mnajua harambee ambayo kila mtu ameahidi na mweka hazina ana daftari limejaa majina na kikapu kitupu? Ndiyo hiyo.

Hapo ndipo tokeni inaingia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipopotea.

Filecoin ilipendekezwa 2014 na watu hao hao wa Protocol Labs. 2017, wakati kila mtu alikuwa anauza sarafu ya kitu ambacho hakijajengwa, walikusanya zaidi ya dola milioni 250. Mtandao wenyewe ulifunguliwa Oktoba 2020. Mpango ni huu: mtu mwenye diski nyingi anajiunga kama mtunzaji. Anaweka dhamana, yaani anafunga tokeni zake mwenyewe, kama vile unavyotafuta wadhamini kwa sacco kabla ya mkopo. Kila saa ishirini na nne lazima athibitishe kihesabu kwamba bado ameshika data aliyoahidi, na hawezi kudanganya kwa kuonyesha nakala ya jirani kwa sababu kila nakala imefungwa kivyake. Akithibitisha, analipwa tokeni. Akishindwa, dhamana inakatwa. Mwenye faili naye analipa. Jumla ya tokeni haitapita bilioni 2, na asilimia 70 ziliwekwa kando kwa ajili ya watunzaji.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama. Kweli. Mtu alikuwa ametatua shida ya harambee. Hutegemei wema wa mtu, unategemea kwamba kuacha kutakuumiza mfuko. Ningekuwa waziri ningeweka TJRC yote humo siku hiyo hiyo. Na kuna watu waliofanya karibu hivyo: maabara ya Starling, ya vyuo vya Stanford na USC, imetumia mfumo huu kutunza ushuhuda wa walionusurika mauaji ya Wayahudi. Wazee wakiongea mbele ya kamera. Ukiniuliza ni kitu gani duniani kinafanana na dani na simu yangu, ni hicho.

Lakini sasa soma tena ile sehemu ya malipo, polepole kuliko nilivyoisoma mimi. Mtandao ulikuwa unamlipa mtunzaji kwa ukubwa wa nafasi aliyoifunga, si kwa umuhimu wa kilichomo. Wewe ungefanya nini? Wakafanya hivyo. Majumba ya diski yakajazwa, mengi yakiwa Uchina, na sehemu kubwa sana ya ile nafasi ilikuwa takataka za kubahatisha, herufi zisizo na maana zilizowekwa ili tu kuvuna tokeni. Ghala kubwa kupita kiasi, magunia yamejazwa mchanga, na mwenye ghala analipwa kwa gunia. Baadaye wakaleta utaratibu wa kumpa mara kumi anayehifadhi data iliyokaguliwa kuwa ya kweli, na hapo ikabidi wawepo watu wa kukagua. Yaani makarani. Mfumo usio na ofisi ukaajiri makarani. Sisemi kwa kejeli, nasema hata mimi sioni njia nyingine.

Na mtunzaji mwenyewe ni nani? Kuifunga data kihesabu kulihitaji mashine yenye RAM ya GB 128 na kadi ya picha ya bei ya pikipiki. Msee wa Obunga mwenye diski kuukuu hakualikwa. Huku kwetu tulialikwa upande mmoja tu wa meza, ule wa kununua tokeni.

Bei yake? Aprili 2021 tokeni moja ya Filecoin ilipita dola 230. Mwisho wa 2022 ilikuwa karibu dola 3. Yangu mimi haikuwa Filecoin, ilikuwa binamu yake mdogo, lakini familia iliugua pamoja. Nilinunua nikijiambia nalinda kumbukumbu. Niliangalia bei kabla ya kupiga mswaki, niliangalia bei katikati ya lekcha ya takwimu, niliangalia bei matangani. Na katika miezi yote hiyo sikuwahi kuhifadhi hata faili moja kwenye huo mtandao. Hata picha ya dani. Moja! Nilikuwa nimenunua gunia la mchanga na mimi. Karo ilipobaki sehemu ya kumi, semesta ikawa imefungwa, na sikuwa na uso wa kumwambia anti yangu, yule aliyekuwa mgongoni siku ya Russia, ambaye ndiye aliyeitoa. Nilimwambia baada ya miezi minane. Alisema tu, "Sawa," na hiyo sawa bado inanifuata.

Mtu atasema tokeni zote ni utapeli. Hapana, na historia ya hapa hapa Kenya inabisha. Mei 2013, mtaa wa Bangladesh, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha za karatasi zilizoitwa Bangla-Pesa. Wazo lilikuwa rahisi: mama wa mboga ana mboga, kinyozi ana mikono, na wote hawana shilingi siku hiyo. Wakakubaliana kupokea vocha za wenzao. Kabla mwezi haujaisha polisi walimkamata Will Ruddick, Mmarekani aliyeianzisha pamoja nao, na wanakijiji kadhaa, kwa madai ya kughushi. Agosti mashtaka yakaondolewa. Mradi ukakua ukawa Sarafu, ukahamia simu na blokcheni, na wakati wa Corona ulikuwa na makumi ya maelfu ya watumiaji, Mukuru, Kwale na kwingineko. Tofauti na yangu ni ndogo ukiiangalia haraka. Vocha ya Bangladesh ilikuwa na nyanya nyuma yake. Ukiikataa, unakutana na mwenye nyanya kesho asubuhi kwa bomba la maji. Ya kwangu ilikuwa na kijana mwenye miwani ya jua.

Basi nikarudi kwa swali la kwanza, nakala na ufunguo, nikiwa sina karo na sina haraka. Na nikakutana na kitu ambacho sikukitarajia: neno "milele" lilianza kunitisha.

Kuna mtandao mwingine, Arweave, ulioanza 2018. Huo unalipa mara moja, na sehemu kubwa ya pesa inawekwa kwenye mfuko wa kulipa watunzaji kwa angalau miaka 200, wakitegemea kwamba bei ya diski itaendelea kushuka. Ukishaweka, huwezi kufuta. Hiyo ndiyo fahari yake. Sasa kumbuka Agosti 2023, foleni za KICC, watu wakipimwa mboni za macho na Worldcoin kwa tokeni za kama shilingi 7,000. Zaidi ya Wakenya 350,000 walikuwa wamepimwa kabla serikali haijasimamisha. Marafiki zangu wawili walipanda basi la usiku kutoka Kisumu, na siwahukumu, mimi ni nani. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hiyo ifutwe ndani ya siku saba. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuomba habari zako zifutwe. Nilipiga makofi. Halafu nikajiuliza: mimi huyu ninayetaka sauti ya dani isifutike kamwe, na mimi huyu ninayefurahia kufutwa kwa macho ya wenzangu, ni mtu mmoja?

Jibu nililipata kwa mtu. Mwaka jana nilienda kumwona mama mmoja, rika la dani, walioolewa kijiji kimoja. Ana miaka zaidi ya themanini. Nilimwambia nataka kurekodi siku ya Russia, na safari hii nimejipanga, haitapotea. Nikamweleza mitandao yote, kwa Kiswahili na Kiluo changu cha matatu. Alisikiliza vizuri sana. Kisha akauliza, "Nikitaja jina la mtu, na mjukuu wake amekuja kunichotea maji leo asubuhi, hiyo mashine yako itafanya nini nikibadilisha mawazo?"

Sikuwa na la kusema. Kwenye ile teknolojia niliyoiuzia karo, jibu ni: haitafanya kitu.

Tukaelewana hivi. Alirekodi mara mbili. Moja yenye majina, moja bila. Isiyo na majina iko mahali pengi sasa: kwangu, kwa laptopu ya rafiki yangu Dunga, kwa anti, na nakala moja kwenye IPFS inayoshikiliwa na watu wanne ninaowajua kwa sura, ambao nikikutana nao huwa nawauliza kama mashine zao bado zinawaka. Hakuna anayelipwa. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki yote ikaanza kutambaa, nilijifunza kwamba nakala iliyoko Frankfurt siku hiyo ni hadithi, na nakala iliyoko Dunga ni pikipiki ya shilingi mia.

Yenye majina iko kwa flashi moja tu, ndani ya mkebe wake wa biskuti, pamoja na kitambulisho, kadi ya kanisa na risiti za bima ya mazishi. Ufunguo ni wake. Akitaka kuichoma, ataichoma, na mimi nitabaki na alama tu.

Ile alama niliiandika kwa kalamu kwenye daftari lake la chama, nyuma kabisa, herufi na tarakimu zote 64. Nilikagua mara tatu. Aliishika mbali na macho, akaisoma chache za kwanza kwa sauti, akasimama.

"Hii ni tokeni ya stima?"

Nikamwambia hapana, mama.

"Basi ni ndefu bure," akasema, akalifunga daftari na kuniuliza kama nimekula.